Mgeni Kwenye Mkeka wa Rukia

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Muuza samaki akinichekea, namfunua samaki mashavu mara ya pili. Mgeni akisifu mapazia yangu, nangoja nisikie anataka kuomba nini. Kwa hiyo mtu asishangae nikisema kwamba yule mwanamke tuliyemwita Mwalimu, aliyeingia nyumbani kwangu Kibokoni karibu kila siku baada ya alasiri, sikumwamini tangu alipopiga hodi, na sina hakika kama namwamini leo.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha. Alisema alisomesha watoto wa chekechea huko Tononoka mpaka akastaafu, na kwamba alikuwa amesikia hapa pana mtoto, angependa kuja kucheza naye. Alisema hivyo tu, kucheza, mtu mzima mwenye mvi, amesimama kizingitini na mkoba wa ukindu begani. Nikamwuliza ni nani aliyemwambia habari za mtoto wangu. Akajibu kwamba Mombasa ni kisiwa, maneno hayana pa kwenda. Nikamwambia hilo si jibu, lakini wakati huo alikuwa ameshavua viatu.

Mtoto mwenyewe ni binti yangu Rukia. Alikuwa na miaka mitano na hajawahi kuniita mama. Hospitali walisema ni usonji, wakanieleza kwa upole, nami nikaelewa nusu. Mamangu, ninayeishi naye, alielewa kwa njia yake, akaleta kombe la kunywa, aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji, na ubani wa kufukiza, na vyote nilivifanya kwa sababu sikutaka baadaye nijiulize mbona sikujaribu. Lakini kilichoniuma zaidi si maneno, ni macho. Rukia alitazama kifuniko cha sufuria kikizunguka sakafuni, alitazama mwanga wa dirishani, alitazama mwiko wangu, na mimi niliyeushika mwiko hakunitazama. Nilitaka mwanangu anitazame. Hicho ndicho nilichokuwa nikikiomba katika kila sala, na ndicho kilichonifanya nimwachie mtu nisiyemjua akae ukumbini kwangu.

Ukumbini nasema, lakini kwenye kiti hakukaa hata siku moja. Alikaa chini, kando ya mkeka wa Rukia, matako yake yakiwa nje ya mkeka kwenye saruji baridi. Mamangu alimwonea huruma, akamwambia asogee ndani. Mwalimu akasema mkeka una mwenyewe na yeye bado hajakaribishwa. Rukia alikuwa amempa mgongo, anazungusha kifuniko chake. Mwalimu akafungua mkoba, akatoa kifuniko kingine cha sufuria, akakizungusha. Basi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya siku ile mpaka adhana ya magharibi, kisha akavaa viatu akaenda zake. Nilimtazama mamangu, mamangu akanitazama mimi.

"Mwanangu," akaniambia, "yuwatafutani mtu huyu?"

Niliamua kumchunga. Nilikuwa na nafasi nzuri ya kumchunga, kwa sababu kazi yangu naifanya nyumbani. Napika mikate ya sinia ya kuagizwa, na jiko langu limetenganishwa na ukumbi kwa pazia tu. Mkate wa sinia hautaki mtu wa kurandaranda. Unauwekea moto chini na juu, unakaa nao. Kwa hiyo nilikaa na mkate wangu, na jicho moja likawa kwenye upenyo wa pazia.

Kitu cha kwanza nilichokitegea ni nyimbo. Mwalimu alikuwa Mrabai, Mkristo, msalaba mdogo shingoni, na mimi nilijiambia huyu amekuja kumfundisha mwanangu nyimbo za kanisani. Nilisikiliza wiki baada ya wiki. Hakuimba. Aliguna tu pale Rukia alipoguna, akanyamaza pale Rukia aliponyamaza. Siku nyingine saa nzima ilipita bila sauti, nami nikawa nasimama kwenda kuhakikisha kama wako hai.

Kitu cha pili kilikuwa chakula. Katika mji huu mtu akiingia kwako unamwekea kitu, na yeye anaonja hata kama ameshiba, kwa heshima ya mkono uliopika. Mwalimu hakuonja. Nilimwekea mahamri na mbaazi, akasema ahsante, hakugusa. Nilimwekea chai ya iliki, ikapoa mpaka ikafanya utando. Maji alikuja nayo kwenye chupa yake. Mamangu, ambaye hajawahi kuona mtu akikataa mahamri ya moto, alisema mtu asiyekula chakula cha watu ana lake moyoni. Wala haikuwa kwamba hapendi kula. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na pakiti ya mabuyu mekundu, na alikuwa akiyamumunya mwenyewe hapo hapo mbele ya mtoto, midomo imemwiva, bila kumpa hata moja. Nikamwona mchoyo. Kumbe alikuwa akingoja ombi. Siku Rukia alipounyoosha mkono na kuugusa mkoba, Mwalimu alimpa buyu moja tu, akasubiri tena. Nililiona hilo kwa macho yangu, na bado niliendelea kumwona mchoyo, kwa sababu sisi wengine hakuna aliyetuonjesha.

Najua vilivyokuwamo kwenye mkoba kwa sababu niliupekua alipokwenda msalani. Mlikuwa na miwani, leso, mabuyu, kifuniko cha sufuria, na soksi ya kiume. Ile soksi ilinikosesha raha kwa siku kadhaa. Baadaye nikaona kazi yake. Aliivaa mkononi, kisha akaivaa kichwani, kisha akajaribu kuivaa puani. Alikuwa na usemi wake ambao alinirudishia kila mara nilipomwuliza mbona anafanya mambo ya kipuuzi: "Ukitaka mtoto akuelekeze, kuwa mjinga wewe." Na kwa ujinga wa kujifanya alikuwa bingwa. Alivaa viatu mikononi. Alijifunika kanga akasema hayumo. Alijilaza akakoroma mpaka mamangu akatoka chumbani kuuliza nani mgonjwa. Rukia alikuja akamfunua kanga usoni, akaifunika tena, akaifunua tena. Nilisimama nyuma ya pazia na unga mikononi, na sitasema uongo, roho iliniuma. Macho niliyoyaomba kwa Mungu yalikuwa yanatua juu ya uso wa mwanamke wa Tononoka.

Kwa watoto alikuwa na subira isiyo na mwisho, lakini kwa watu wazima hakuwa nayo hata chembe. Sisi hapa salamu yetu ni ndefu, unauliza mtu, nyumba, wazee, waliosafiri. Yeye alisema "Hamjambo" na jambo lenyewe likaishia hapo. Mamangu akianza hadithi, Mwalimu alimkata katikati akauliza Rukia amelala saa ngapi, amekula nini, amelia kwa ajili ya nini. Maswali hayo alikuwa nayo mengi. Mbona ana mkwaruzo kwenye goti? Nani humwogesha? Chumba anacholala kina dirisha? Aliuliza kwa sauti ya kawaida huku anazungusha kifuniko, nami nilimjibu kwa mkato, nikijiambia ni umbea wa kizee.

Swali alilolirudia sana lilihusu asubuhi. Ni kweli asubuhi kwetu ilikuwa balaa. Rukia hakutaka kabisa kuguswa nywele, na mimi sikuweza kumwacha na nywele zilizosokotana. Nikimchana alipiga mayowe mpaka mtaa wa pili, na nyumba zetu hizi za Kibokoni zimebanana, ukipiga chafya jirani anakuombea. Na mlango wangu ulikuwa na komeo juu, mbali na mkono wake, kwa sababu aliwahi kuchomoka akakimbia hadi barabarani na pikipiki ikamkosa kidogo tu. Harusini sikumpeleka. Watu walimwona akiwa mchanga, kisha hawakumwona tena. Baba yake ni dereva wa malori ya kwenda bara, hurudi amechoka akalala. Kwa hiyo nyumba yangu ilikuwa imefungwa na ndani mtoto analia. Mimi niliyekuwa ndani nilijua sababu, na sikufikiri hata mara moja inasikikaje na aliye nje.

Siku moja nilimfuata. Nilitaka kujua anatoka kwangu anakwenda kwa nani kupeleka habari. Nikamwachia mamangu mtoto, nikavaa buibui na ninja, macho tu nje, nikamwandama kwa mbali mpaka Mwembe Tayari. Pale kwenye mabasi ya bara palikuwa pamejaa, nikafurahi, nikijua hawezi kuniona. Alisimama kwa mchuuzi mmoja wa soksi, akagombana naye kuhusu ukubwa wa soksi mpaka nikamwonea huruma yule kijana. Kisha, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya kunifikia mimi:

"Mama Rukia, mtoto umemwacha na nani?"

"Yuko na bibi yake," nikajibu, kabla sijakumbuka kwamba nilikuwa nimejificha.

Akatikisa kichwa, akaendelea na soksi. Nilirudi nyumbani nimefura, nikimwuliza mamangu mtu huyu ana macho kisogoni ama vipi. Mamangu akasema alishanambia.

Sasa nieleze siku niliyomfukuza. Rukia alikuwa na desturi, na anayo mpaka leo, akifurahi anapeperusha mikono yote miwili karibu na masikio na kutoa sauti nyembamba, iii, iii. Wageni wakiisikia huangalia pembeni. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza kama ananyongwa. Mimi sauti ile iliniaibisha, na nikaona aibu kwamba inaniaibisha. Alasiri hiyo nilikuwa napakua mkate, nikaisikia iii ya Rukia, kisha nikasikia iii nyingine, nene, ya mtu mzima. Nikafunua pazia. Mwalimu alikuwa amepiga magoti dirishani karibu na mwanangu, mikono yake ya kizee inapeperuka masikioni, na anatoa sauti ile ile.

Sisi tumelelewa hivi: mtu hamwigi mwenziwe kilema chake. Ukiwa mdogo ukimwiga bibi anavyochechemea, unapigwa kofi na unaambiwa kitarudi tumboni mwako, uzae mwenye nacho. Sijawahi kuona mtu mwenye adabu akifanya hivyo mbele ya mwenye kilema, sembuse mbele ya mamake, sembuse ndani ya nyumba yake. Damu ilinipanda kichwani.

"Wamteza shere mwanangu?" nikamwuliza. "Ndani ya nyumba yangu?"

"Naongea naye," akasema.

"Mwanangu si kikaragosi. Kama hujui adabu, huko utokako hawakukufunza, siye hapa twaijua. Toka. Usirudi tena kwangu."

Nilikuwa nimeshika kisu cha kukatia mkate na wala sikujua. Nilisimama baina yake na mtoto. Yeye hakujitetea, hakuomba radhi. Alinitazama, nikaona kama anataka kucheka, na hilo likanitia hasira zaidi. Akaokota mkoba wake, akavaa viatu, akatoka. Nilifunga komeo mpaka likalia. Sijutii. Mtu akiingia kwangu leo akafanya vile bila ya kunieleza, atatoka vilevile.

Lakini Rukia alimngoja. Kila alasiri alikaa kwenye mkeka ameelekea pale kwenye saruji alipokuwa akikaa Mwalimu, kifuniko mkononi, hakizungushi. Nilijaribu kumchekesha, nikamletea mwanasesere, nikamwambia sema mama, sema mama. Akanipa mgongo. Nilimchukia yule mwanamke kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Nilisema amemroga. Amemfunga mtoto wangu kwake kisha ameondoka na ufunguo.

Siku moja mamangu alikwenda matangani, tukabaki wawili. Rukia alikwenda dirishani, mwanga ulikuwa umeingia vizuri, akaanza. Iii. Niliangalia kama komeo limefungwa. Nikashusha pazia la dirisha la barabarani. Nikaona haya mbele ya kuta zangu mwenyewe. Kisha nikapiga magoti, nikainua mikono, nikafanya iii.

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, nikijua nimemkosea, nimemfanyia kile kile nilichomfukuzia mtu. Rukia aligeuza kichwa. Aliitazama mikono yangu, kisha akapanda na macho mpaka usoni. Akaniangalia mimi, mamake, kama mtu aliyesikia lugha yake ikizungumzwa ugenini. Akafanya iii moja fupi, akangoja. Nikafanya moja fupi. Akafanya mbili. Nikafanya mbili. Akacheka, na akanisukuma bega nifanye tena. Mkate wa watu uliungua chini na juu, nyumba ikajaa moshi, na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nalia na kupeperusha mikono. Mamangu aliporudi alinikuta hivyo, akadhani nimeingiwa na wazimu, akatafuta ubani.

Sikumtuma mtu amwite Mwalimu. Nalisisitiza hili kwa sababu siku chache baadaye alipiga hodi kama vile hapakutokea kitu. Nani alimwambia arudi? Nilimwuliza, akasema amepita njia. Sikumwambia habari ya iii, niliona hiyo ni siri yangu na mwanangu. Lakini Rukia alinisaliti mara moja. Mwalimu alipokaa chini, Rukia alimwendea, akampa kifuniko, kisha akageuka kunitafuta mimi kwa macho. Mwalimu aliona. Akasema, "Mama Rukia, jiko litakuwepo. Njoo ukae." Nikakaa. Tangu hapo yeye alisogea kila siku kidogo nyuma, na mimi nikasogea mbele. Alikuwa akinong'ona tu pembeni: ngoja, usimwulize, mwachie yeye aanze. Nilikuwa nachukia kufundishwa sakafuni kwangu, lakini nilingoja. Hata nywele tukazipatia mchezo, anachana yeye kichwa changu, nachana mimi chake, na asubuhi zikapoa. Neno mama alilitamka siku ambayo nilivaa kiatu kichwani. Alikuwa anakasirika.

Kisha Mwalimu akaacha kuja. Hakuaga. Wala hakuacha ujumbe. Mamangu alisema amemaliza alilolifuata, sasa tuhesabu vijiko. Nilivihesabu, vilikuwa kamili.

Nilimwona tena mwaka huu. Nilikuwa nimepeleka mikate kwenye nyumba ya harusi Tononoka, na Rukia nilikuwa naye, kwa sababu sasa natembea naye kila mahali, atakayeangalia na aangalie. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi la duka karibu na uwanja, amekonda, fimbo kando. Rukia alimtazama, akazungusha kidole hewani, akaenda kuangalia feni ya dukani. Nikaona uso wa Mwalimu ukibadilika kidogo, halafu akanipisha nikae.

Nilikuwa na swali langu la zamani. Nikamwuliza tena alitaka nini kwangu, na safari hii nikamwambia siondoki bila jibu.

"Sikuja kwa ajili ya mtoto," akasema. "Nilikuja kukuangalia wewe."

Akanieleza bila kuzunguka. Mtu alimwendea akamwambia Kibokoni kuna mama anamfungia mtoto ndani, na kila asubuhi mtoto anapiga mayowe. Mtu huyo ni nani hatanitajia mpaka anaingia kaburini. Angekuja kuuliza, mimi ningemwonyesha mtoto aliyeogeshwa na sahani ya mahamri. Kwa hiyo akaja kucheza, kwa sababu anayecheza sakafuni anaona miguu, magoti na mikono ya mtoto, na mama huzoea kumsahau aliye pale chini. Chakula hakula kwa kuwa angeshindwa kwenda kumshtaki mtu aliyemlisha.

"Na ungaliona kitu?" nikauliza.

"Ningeona jeraha lisilo na maelezo, ningekwenda ofisi ya watoto siku hiyo hiyo. Wangemchukua."

Miezi yote ile nilikuwa nikimpekua mkoba, kumbe yeye ananipekua mimi, na mwanangu yuko mikononi mwake. Nilitaka kumtukana. Nilimwuliza tu alinichunga mpaka lini.

"Mpaka uliponifukuza," akasema. "Uliposimama na kile kisu. Nimeona mama wengi wanaowaficha watoto wao. Ukimwiga mtoto mbele yao, wanacheka na wewe. Hakuna aliyewahi kunitoa nje." Akapangusa miwani yake. "Nilishuka ngazi zako nikicheka peke yangu. Kurudi, nilirudi kucheza."

Sikujua nishukuru au nikasirike, nikafanya vyote kwa pamoja, machozi yakanitoka mbele ya watu wa dukani. Nilikuwa natafuta la kumwambia pale Rukia alipokuja. Alikuwa amechoka na feni na alikuwa na jambo lake. Alinishika kidevu kwa mkono wenye vumbi, akanigeuza uso kutoka kwa Mwalimu mpaka nikamwelekea yeye. Akafungua mdomo, akalisukuma jino la mbele kwa ulimi. Lilikuwa linatikisika.

"Mama," akasema. "Nitazame."

Nikamtazama, naye akanitazama aone kama nimeliona sawasawa. Na Mwalimu, ambaye kwangu hakuwahi kuyaondoa macho juu yetu, akageuza uso wake akaangalia barabarani.